Kusogeza saa ya simu hakuongezi kasi ya kutuma
Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu miaka nenda miaka rudi: eti ukisogeza saa ya simu mbele sekunde chache, simu "inauwahi" mnara na picha zinatumwa haraka. Si kweli.

Ni kweli kwamba simu hupangiwa muda wa kutuma. Mawimbi husafiri takriban mita 300 kwa mikrosekunde 1, hivyo ya simu iliyo mbali huchelewa kufika na yangeingiliana na ya wengine. Mnara hupima kuchelewa huko na kuiamuru simu itangulie kutuma. Kwenye 4G, hatua moja ya marekebisho ni kama nusu mikrosekunde, yaani umbali wa mita 78 hivi kutoka mnarani, kwa kuwa muda huo ni wa kwenda na kurudi. Kazi hiyo haitumii kabisa saa unayoiona kwenye kioo.

Jaribu: zima saa ya kujiseti, irudishe nyuma dakika 10, kisha piga simu. Itaita kama kawaida.

Nadhani kinachowachanganya watu ni tovuti. Saa ikikosewa sana, vyeti vya usalama vya tovuti (vinavyothibitisha kuwa ni halisi) huonekana vimepitwa na wakati au havijaanza kutumika, nazo hukataa kufunguka. Ukiirekebisha zinafunguka, na mnara ndio unaosifiwa.

Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyeutuma, na saa iache ijiseti yenyewe.