Namba moja ya rangi, nyuso nne tofauti

Ukiagiza kaunta ya duka la simu siku hizi, utapewa mwili wa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa), fremu ya bomba za mraba za chuma, kingo za alumini na sanduku la akriliki, yaani plastiki inayofanana na kioo, juu. Mteja anataka vyote viwe kijivu kimoja. Karatasi ya kazi imeandikwa RAL 7016, namba ya kijivu iliyokolea katika orodha ya rangi ya RAL, na kila fundi kapewa namba hiyo hiyo. Siku ya kufunga, fremu inaonekana kama nyeusi, MDF imeelekea bluu, alumini iko kivyake. Anayelaumiwa ni muuza rangi, ambaye mara nyingi hana kosa.

"Namba ikiwa moja, rangi itakuwa moja"

Hii ndiyo dhana inayokula pesa nyingi kuliko zote. RAL ilianza Ujerumani mwaka 1927 ikiwa na rangi 40, ili mnunuzi na kiwanda wataje rangi bila kutumiana vipande kwa posta. Namba inataja rangi tu. Haisemi uso utang'aa kiasi gani. Uso unaong'aa huurudisha mwanga upande mmoja, kwa hiyo ukiutazama ukiwa nje ya njia ya mwanga huo, rangi inakuja nzito na iliyokolea. Uso wa mati, yaani usiong'aa, huutawanya mwanga kila upande, na sehemu yake inaingia jichoni pamoja na rangi, ndipo kijivu kile kile kinapauka. Hapo hakuna aliyekosea kuchanganya.

Mng'ao hupimwa kwa namba, kwa kawaida kwa pembe ya nyuzi 60: chini ya 10 ni mati, juu ya 70 ni wa kung'aa sana. Oda iseme vyote viwili, rangi na mng'ao. Ukiandika "nusu mati" peke yake, kila karakana itaielewa kivyake.

"Praima nzuri inashika popote"

Praima ni koti la kwanza linaloshikisha rangi, lakini kila malighafi ina ugomvi wake. Uso wa MDF umeshindiliwa, lakini ukiikata, ukingo unabaki wazi na kunywa rangi kama sponji. Fundi anayepiga koti tatu sawasawa kila mahali atapata ukingo mkavu, wenye vinyweleo, kando ya uso laini. Ukingo unahitaji kuzibwa kwanza, upigwe msasa namba 240 au 320, uzibwe tena, na hapo ndipo uhesabiwe sawa na uso.

Chuma kilichopakwa zinki ni hatari zaidi kwa sababu ubaya wake huchelewa. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki, zinki humenyuka na mafuta yake na kutengeneza kitu cha jamii ya sabuni katikati. Siku ya makabidhiano kila kitu kinapendeza. Baadaye rangi inabanduka vipande vizima. Zinki na alumini zinataka praima zilizotengenezwa kwa ajili yake, baada ya kufutwa grisi vizuri. Akriliki nayo ikikutana na thina kali hupata nyufa ndogo ndogo zisizofutika. Plastiki za polithini na polipropilini hazishiki rangi ya kawaida kabisa, hata uzisugue vipi.

Kwa hiyo praima ziwe tofauti, lakini juu yake pakae undakoti (koti la katikati) ya rangi moja kwenye vipande vyote. Koti la mwisho likikuta huku nyekundu ya kuzuia kutu na kule nyeupe, tofauti itachungulia, hasa kwenye rangi nyepesi.

"Tupake yote kwa rangi ya unga, ndiyo imara"

Imara ni kweli. Lakini rangi hiyo huokwa kwenye tanuri, kwa kawaida kati ya nyuzi 180 na 200 za Selsiasi kwa dakika 10 hadi 20. Akriliki huanza kulainika kwenye nyuzi 100 hivi, na MDF ya kawaida haivumilii tanuri hilo. Basi chuma kiende tanurini kwanza. Unga hauchanganywi upya karakanani. Rangi ya maji maji inachanganywa. Chukua kipande halisi kilichotoka tanurini, mpe mchanganyaji, yeye afuate chuma. Wengi hufanya kinyume: wanamaliza mbao, halafu wanatafuta unga wa kuifuata.

"Vikifanana karakanani, vitafanana dukani"

Rangi mbili zilizotengenezwa kwa madini tofauti zinaweza kulingana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine. Karakana ina mwanga wa jua mlangoni, duka lina taa za LED za mwanga wa njano. Peleka sampuli dukani, ziwashiwe taa zitakazotumika, na uzisimamishe wima kama zitakavyokaa, si kuzilaza mezani.

Alumini kuigizwa kwa rangi ya fedha sijadili sana: chembe za rangi hiyo hulala tofauti kila bunduki ya kupulizia inapobadilisha mwelekeo au umbali. Heri uchague kijivu cha kawaida.

"Kiungo kizibwe kisionekane"

Akriliki ya mita 2 ikipashwa nyuzi 20 zaidi hurefuka karibu milimita 3. Chuma cha urefu huo, nusu milimita tu. Pati ya kuzibia kiungo itapasuka, haina namna. Mimi huacha mfereji wa milimita 3 au 4, uliopakwa giza ndani. Una faida ya pili: jicho hukamata tofauti ndogo ya rangi pale nyuso mbili zinapogusana, zikitenganishwa linashindwa.

Na kopo la akiba liachwe dukani likiwa na namba ya bechi, mng'ao na jina la rangi. Mkwaruzo wa uso uliopulizwa ukirekebishwa kwa brashi utaonekana hata rangi ikitoka kopo lile lile, kwa hiyo puliza paneli nzima hadi kwenye mfereji.