"Aliyezaliwa bila kuumbwa", hivi tunajua tunachosema?

Mi kazi yangu ni kufundisha mafundisho ya imani, na hapa Mwanza watu wakisikia hivyo wananiambia mwalimu si ndo hayo yanayogawa makanisa, tumpende Yesu tu basi. Huwa sibishani. Ila juzi niko Mwaloni Kirumba, fundi mitumbwi mmoja akanionyesha Wakolosai 1:15 kwenye simu yake, kioo kimejaa vumbi la mbao: "Si wameandika hapa mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote? Basi Yesu naye kiumbe."

Swali zuri sana, tena la zamani. Padri Arius wa Alexandria kule Misri alifundisha hivyohivyo, kwamba Mwana yuko juu ya vyote ila aliumbwa, na watu wakagombana mpaka Kaisari Konstantino akaita maaskofu Nikea mwaka 325, mji ambao leo uko Uturuki, nao uko kando ya ziwa kama sisi (kaziwa kenyewe kadogo lakini). Ndo lilikotoka lile "aliyezaliwa bila kuumbwa" tunalolipitia mbiombio kwenye Kanuni ya Imani. Athanasius, askofu wa Alexandria, alilisimamia mpaka akafukuzwa jimboni mara 5.

Nikamuuliza fundi, huu mtumbwi umeuunda wewe, je utakurithi? Akacheka. Na mwanao? "Yule damu yangu bwana." Ee, ukiunda kinatoka kitu kingine, ukizaa anatoka mtu kama wewe, tofauti ni kwamba kwa Mungu hakuna baba kutangulia na mtoto kufuata. Na huo "mzaliwa wa kwanza" ni cheo, soma Zaburi 89:27 Daudi anaitwa hivyo wakati kwa Yese alikuwa kitinda mimba, halafu ukishuka mstari mmoja tu pale Wakolosai unakuta vitu vyote viliumbwa katika yeye, sasa atajiumbaje mwenyewe?

Maana hawa wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani usiku, upepo ukichafuka wanamwita Yesu, na kama ni kiumbe basi wanamwomba kiumbe mwenzao, na hiyo Biblia inaiita kuabudu sanamu.

Fundi akachukua randa yake, akapiga mbili tatu, akasimama. "Haya, na Roho Mtakatifu je?"

Nikamwambia hiyo ni ya mkutano mwingine wa maaskofu, wa Konstantinopoli, mwaka 381, agiza kwanza chai.