Ndugu wa mtoto mwenye saratani: maswali ya wazazi na walezi wa Dodoma

Mtoto wa huku kwetu akigundulika kuwa na saratani, mara nyingi safari inakuwa ya Muhimbili, Dar es Salaam, kilometa kama 450. Mama anaondoka na mgonjwa. Watoto wengine wanabaki kwa bibi Chamwino au kwa shangazi mjini, na habari zao ndizo ninazoandika leo.

Mwanangu ana miaka 7. Si bora nimwambie mdogo wake ana malaria?

Hapana. Malaria anaijua: unameza dawa siku tatu, unarudi kucheza. Mwezi ukipita mdogo wake hajarudi, atajua amedanganywa, na atakayojiwazia yatamtisha kuliko ukweli. Taja ugonjwa kwa jina lake: "Mdogo wako ana saratani. Dawa zake ni kali na zitachukua muda. Nywele zitanyonyoka, kisha zitaota. Hakuna aliyemsababishia, wala wewe."

Hayo maneno ya mwisho yaseme hata kama hajauliza. Watoto wadogo huamini kwamba hasira yao inaweza kumdhuru mtu. Namkumbuka mvulana wa darasa la pili aliyeacha kabisa kugusa mpira. Wenzake wakimwita, anaingia ndani. Jioni moja akiwa jikoni, bibi akisonga ugali, akauliza kama ule mpira aliompiga nao mdogo wake tumboni ndio ulioleta uvimbe kwenye figo. Alikuwa ametembea na swali hilo wiki kadhaa, peke yake. Bibi akaweka mwiko chini, akamvuta karibu: "Hapana, mjukuu wangu. Mpira hauleti saratani." Mtoto akalia mpaka ugali ukapoa.

Binti yangu wa miaka 13 hasumbui. Anapika, anaogesha wadogo zake, hadai kitu. Yuko sawa?

Huyo ndiye ningemwangalia kwanza. Watoto wengi wakubwa hunyamaza kwa sababu wanaona wazazi wamekwisha kulemewa. Kupika jioni ni kusaidia. Kukosa shule ili apike ni kubebeshwa. Tafuta mama mdogo au jirani apokee sehemu ya kazi. Huenda pia ana wivu, maana kila mgeni anauliza habari za mgonjwa na kila zawadi ni ya mgonjwa, na anajiona mbaya kwa kuona hivyo. Mwambie si mbaya.

Niko wodini. Nitawaleaje nikiwa mbali?

Piga simu saa ileile kila jioni, hata dakika tano, kila mtoto apate zamu yake. Anza na yake: mtihani ulikuwaje, mbuzi amezaa? Habari za hospitali zifuate. Usiahidi tarehe ya kurudi usiyo na hakika nayo. Saratani ya damu iliyo ya kawaida zaidi kwa watoto hutibiwa miaka miwili au zaidi. Waache watume michoro na sauti zao kwa WhatsApp. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 safari imefupika, basi nauli ikipatikana, mlete mmoja wakati wa likizo. Waulize wauguzi kwanza.

Je, wataambukizwa?

Saratani haiambukizi. Aina chache, kama saratani ya jicho, zinaweza kurithiwa, hivyo mwulize daktari kama ndugu zake wapimwe. Hatari kubwa iko upande wa mgonjwa, kwa kuwa dawa zinashusha kinga yake. Mwenye mafua, surua au tetekuwanga akae mbali naye mpaka apone, na aelezwe sababu asije akadhani amefukuzwa.

Nitafute msaada lini?

Akianza tena kukojoa kitandani, akishuka sana darasani, akijitenga au akiwa mgomvi kwa wiki kadhaa. Mwalimu wa darasa aambiwe mapema, asije akamchapa kwa usingizi wa mtoto anayekesha akiwaza. Mwone afisa ustawi wa jamii hospitalini au kwenye halmashauri, au piga 116, namba ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo. Akitamka kwamba anataka kufa au kujiumiza, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.