Ukiitiwa "fursa", uliza mteja ni nani

Ujumbe huwa unafanana. "Za siku nyingi? Kuna jambo zuri sana nataka ulione, ila siwezi kulieleza kwa simu. Wewe njoo tu." Anayeitwa anakwenda akidhani amepatiwa kazi, au pengine mwenzake ana shida. Akifika anakuta ukumbi, viti vimepangwa, na mtu aliyevaa suti anazungumzia magari, safari na "uhuru wa kifedha". Bidhaa yenyewe inatajwa mwishoni, tena harakaharaka.

Kazi yangu ni kusikiliza malalamiko ya walaji. Wengi wanaoleta kesi za biashara ya mtandao, ile ya kuuza bidhaa na kuunganisha watu chini yako ili ulipwe kwa mauzo yao, hunifungulia daftari la hasara, nami huwarudisha nyuma kidogo: ulialikwaje? Mara nyingi kosa la kwanza lilitendeka hapo, kabla hata senti moja haijatoka mfukoni. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi siwaungi mkono moja kwa moja, maana hata kizuri siku hizi kinahitaji kutembezwa. Lakini muuzaji mkweli hutembeza mali yake ikiwa wazi. Anayeficha jina la kampuni mpaka ukae kwenye kiti anajua kwamba ungelijua mapema, usingekuja.

Nisieleweke vibaya. Kuuza bidhaa kwa mkono na kupata kamisheni kwa mauzo ya watu uliowaunganisha si wizi kwa asili yake, na nchi nyingi zinaruhusu. Swali ni moja: fedha inayolipwa kama kamisheni inatoka kwa nani? Ikitoka kwa mtu wa nje aliyenunua sabuni kwa sababu anataka kuogea, hiyo ni biashara. Ikitoka kwenye ada na mzigo wa kuanzia wa mwanachama mpya, ambaye naye atarudisha fedha yake kwa kumleta mwanachama mwingine, huo ni upatu wa piramidi uliovalishwa chupa na lebo.

Mstari huu kati ya biashara na piramidi una historia. Mwaka 1975 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliamua shauri la Koscot, kampuni ya vipodozi, na ikaweka kipimo kinachorejewa hadi leo: ni piramidi pale mtu anapolipia haki ya kuuza pamoja na haki ya kulipwa kwa kuingiza wengine, malipo ambayo hayahusiani na bidhaa kumfikia mtumiaji wa mwisho. Miaka minne baadaye, 1979, tume hiyohiyo iliona kwamba Amway haikuwa piramidi, kwa sababu ilikuwa na masharti matatu: wakala auze angalau asilimia 70 ya alichonunua kila mwezi, aonyeshe kuwa ameuza kwa wateja 10, na mzigo uliobaki uweze kurudishwa. Hata hivyo iliamriwa iache kutia chumvi kuhusu mapato. Watetezi wa biashara hii hupenda kutaja ile hukumu ya 1979 na kuisahau sentensi hii ya mwisho.

Sasa tufanye hesabu, na hapa naomba uchukue kalamu. Kiongozi mmoja analeta watu 6. Kila mmoja wao analeta 6, hao ni 36. Nao wakileta 6 kila mmoja, wanapatikana 216. Jumla ya wote ni 259. Kati yao, 216 hawana mtu chini yao hata mmoja, na wenye tabaka mbili au zaidi chini yao ni 7 tu. Watu husema tatizo litakuja siku wanachama watakapokwisha, na ni kweli kwamba kwa mwendo huo ngazi ya 13 ingehitaji watu bilioni 13, idadi ambayo dunia haina. Lakini tusisubiri mpaka huko. Hata watu wangeendelea kupatikana milele, kila siku utakayousimamisha mtandao huo na kuuhesabu, takriban 5 kati ya kila 6 wako chini kabisa. Kama waliopo chini hawana wateja wa nje, hasara yao haitokani na uvivu, maana mfumo wenyewe ndivyo ulivyokatwa.

Ndiyo maana maneno "asiyefanikiwa hajajituma" yananikera kuliko yote. Yanachukua matokeo ya hesabu na kuyageuza kuwa aibu ya mtu. Na mtu mwenye aibu halalamiki, ananunua mzigo mwingine.

Mwaka 2024 wataalamu wa FTC walichambua matamko ya mapato ya kampuni 70 za mtandao, nyaraka zinazotolewa na kampuni zenyewe. Walikuta kwamba washiriki walio wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka, yaani chini ya dola 84 kwa mwezi, tena kabla ya kutoa gharama. Gharama ndizo zinazosahaulika: kiingilio, mzigo wa kila mwezi wa kulinda cheo, nauli, tiketi za semina, bando la simu. Anayekuonyesha hundi bila kukuonyesha matumizi amekuonyesha nusu ya daftari.

Huo mzigo wa kulinda cheo nao nimeushuhudia kwa macho. Mama mmoja alitufungulia picha kwenye simu yake: makasha yamejaa chini ya kitanda, mengine hayajatolewa gundi, tarehe za mwisho za matumizi zimekaribia. Kwenye ripoti za kampuni yake hayo yote yalikuwa "mauzo". Aliyenunua ni yeye, kila tarehe 28, ili asishuke ngazi. Mwaka 2016 Herbalife ilikubali kulipa dola milioni 200 katika makubaliano na FTC, na sharti mojawapo lilikuwa kwamba angalau theluthi mbili ya malipo kwa mawakala wake wa Marekani itokane na mauzo ya rejareja yanayothibitishika. Yaani muuzaji athibitishe kwamba kuna mteja.

Kuhusu bidhaa za afya nitasema machache. Wakala si daktari. Akikwambia uache dawa ulizoandikiwa kwa sababu unga wake "unasafisha damu", ondoka. Aprili 2020, corona ilipopamba moto, FTC ilituma barua za onyo kwa kampuni 10 za mtandao kwa sababu ya madai ya aina hiyo na ya mapato.

Na wewe unayealika, hasa ukiwa na imani ya dhati na bidhaa yako? Taja jina la kampuni kwenye ujumbe wa kwanza. Sema ulichobakiwa nacho mwaka jana baada ya kutoa gharama, hata kama kinakutia haya. Usimshauri mtu akakope ili aingie, na usimbane aamue palepale ukumbini. Kuwa mwangalifu zaidi na wale wasioweza kukukatalia: mdogo wako, mfanyakazi aliye chini yako, muumini unayemwongoza. "Ndiyo" yao mara nyingi ni heshima tu.

Unayealikwa, uliza swali moja: "Mwezi uliopita umewauzia watu wangapi ambao si wanachama?" Kisha nyamaza, usubiri idadi. Ukijibiwa kwa habari za maono na ndoto, umeshajibiwa.

Aliyekwisha kujiunga na anataka kutoka asikimbilie kugawa mzigo. Kanuni za shirikisho la dunia la vyama vya uuzaji wa moja kwa moja, WFDSA, zinataka kampuni iliyo ndani ya vyama hivyo iinunue tena mali inayouzika iliyonunuliwa ndani ya miezi 12, kwa si chini ya asilimia 90 ya gharama, baada ya kukata kamisheni uliyokwishapata. Tafuta stakabadhi, panga makasha kwa tarehe za kununuliwa, usifungue yaliyofungwa, na uandike barua kwa kampuni yenyewe, si kwa aliyekuunganisha.