Je, wajua kwa nini mtoto wa miaka mitatu anaweza kutumia ramani ila wa miaka miwili na nusu anaona karatasi tu?

Tofauti yao ni miezi michache tu, wote wanaongea, wote wanakimbia, wote wanajua kochi liko wapi na mlango uko wapi, lakini ukija kwenye ramani ni watu wawili tofauti kabisa. Na sababu yake sio akili ndogo wala kusahau.

Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Judy DeLoache, alichapisha jaribio lake mwaka 1987. Alikuwa na chumba cha kawaida chenye fanicha, halafu pembeni akatengeneza chumba kidogo cha mfano, fanicha zilezile ila ndogo na zimepangwa vilevile. Mtoto anaangalia kimdoli kidogo kinafichwa kwenye chumba kidogo, labda nyuma ya kikochi, kisha anaambiwa mdoli mkubwa naye kajificha palepale kwenye chumba kikubwa, haya nenda kamtafute. Wa miaka mitatu wengi walienda moja kwa moja. Wale wadogo kwao walizunguka tu, wanafunua hapa wanachungulia pale, hola. Na hawakusahau, maana ukiwarudisha kwenye chumba kidogo walikuwa wanajua fresh kabisa kimdoli kiko wapi! Yaani kumbukumbu ipo, kinachokosekana ni kuelewa kwamba hiki kidogo kinawakilisha kile kikubwa. Na ramani ni hicho tu, kitu kinachowakilisha kitu kingine, bila hapo hata umpe ramani ya rangi nzuri namna gani hatoki.

Mwaka 1997 DeLoache na wenzake wakaja na jaribio jingine ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Wakawaambia watoto wa miaka miwili na nusu kwamba kuna mashine inayofanya vyumba visinyae, wakamficha mdoli kwenye chumba kikubwa, mashine ikawashwa ikanguruma, kufungua wanakuta chumba kimekuwa kidogo. Safari hii wakafaulu kumpata! Kwa nini? Kwa sababu kwao kile chumba kidogo hakikuwa tena mfano wa chumba kingine, ni chumba chenyewe kimesinyaa, kwa hiyo hakuna cha kuwakilisha chochote, mdoli yuko palepale alipofichwa basi.

Kingine ambacho wazazi wengi wangeshangaa, watoto wa umri huohuo ukiwaonyesha picha ya chumba badala ya kile chumba cha mfano wanafanya vizuri zaidi. Na kile chumba cha mfano ukikiweka nyuma ya kioo wasikiguse, pia wanafanya vizuri zaidi, ila wa miaka mitatu ukiwaacha wakichezee kwanza wanaharibu. Kitu kikishakuwa toi kichwani mwa mtoto, inakuwa ngumu kukiona kama alama ya kitu kingine. Kwa hiyo kwa mtoto mdogo anza na picha bapa ya chumba anachokijua, kaficha kitu, mwonyeshe kwenye picha, akatafute. Ramani ya dunia isubiri, mtoto hawezi kulinganisha bara na kitu chochote anachokiona dirishani.

Akishavuka hapo kuna mtego mwingine, na huu unadumu miaka kadhaa. Watafiti Lynn Liben na Roger Downs waliwaonyesha watoto wa shule ya awali ramani wakawauliza wanaona nini. Mtoto anakataa mstari mwekundu kwamba ni barabara kwa sababu barabara sio nyekundu, mwingine anasema ule mstari hauwezi kuwa barabara maana magari hayaenei. Ukifikiria mtoto yuko sahihi kwa jinsi anavyowaza, ameambiwa ramani inafanana na mahali, sasa mbona rangi hazifanani? Hajajua bado kwamba kuna vitu kwenye ramani vinafuata mahali halisi, yani hiki kiko kushoto kwa kile, na kuna vingine mchoraji kaamua mwenyewe tu. Dawa yake ni kumpa yeye kazi ya kuamua, achore chumba chake, kitanda kiwe duara la bluu, mlango uwe nyota, halafu aandike pembeni au akuambie kila alama ni nini, hapo ameshatengeneza ufunguo wa ramani na hutohitaji kumweleza ufunguo ni nini.

Skeli mimi ningeiacha kabisa mwanzoni. Ukimwambia 1:50,000 maana yake sentimita 1 kwenye karatasi ni mita 500 ardhini, hiyo ni hesabu ya uwiano, inakuja na madarasa ya juu. Mdogo anatosha kuhesabu hatua, kitandani mpaka mlangoni hatua ngapi, mlangoni mpaka dirishani ngapi, ipi ndefu.

Kuona kutoka juu je? Wanasaikolojia Piaget na Inhelder mwaka 1948 waliandika kwamba watoto wadogo wanashindwa kuwaza mtu aliyekaa upande mwingine anaona nini, walitumia mfano wa milima mitatu mezani na wadogo walikuwa wanachagua picha ya wanachokiona wao wenyewe. Watu wakachukulia basi ramani sio ya watoto wadogo. Ila miaka ya mwanzo ya 1970 watafiti James Blaut na David Stea wakaonyesha kwamba hata watoto ambao hawajaanza shule wanaweza kutambua nyumba na barabara kwenye picha iliyopigwa kutoka angani, na hawajawahi kupanda ndege. Mtoto amezoea kuangalia toi zake sakafuni kutoka juu, mtazamo huo anao tayari. Weka kikombe kwenye karatasi, zungushia penseli, ondoa kikombe, muulize hii ni nini.

Sasa kugeuza ramani, hapa ndo watu wazima wanawaharibia watoto. Utafiti wa 1979 kwa watoto wa miaka 3 mpaka 5 uliona ramani ikilala sawasawa na chumba hata wadogo wengi wanaimudu, ikigeuzwa nyuzi 180 wadogo wengi wanakosea. Kwa hiyo mtoto akiizungusha karatasi mwache, tena mfundishe aizungushe, usimwambie shika vizuri. Wanariadha wanaoshindana kukimbia msituni kwa ramani na dira hicho ndicho kitu cha kwanza wanachofundishwa, ramani ielekee kama ardhi ilivyo.

Na kaskazini kuwa juu ni mazoea tu, mchora ramani Mwarabu al-Idrisi aliyemaliza ramani yake ya dunia mwaka 1154 kwa ajili ya mfalme Roger II wa Sicily aliweka kusini juu na ilikuwa ramani safi kabisa. Ukimwambia mtoto kaskazini ni juu atakuonyesha dari. Mtoe nje asubuhi aangalie jua linapotokea, huko ni mashariki au karibu na hapo, mkono wake wa kushoto ndo unaonyesha kaskazini, kisha alaze ramani chini ifuate hivyo.

Kwenye simu ni tofauti kidogo kwa sababu ramani inaweza kujizungusha yenyewe kila ukigeuka, yaani kazi yote niliyoieleza hapa simu inamfanyia. Kama unamfundisha nayo zima huo mzunguko, kaskazini ibaki juu ya kioo, mpe aishike yeye na aigeuze mwenyewe mpaka barabara ya kwenye kioo ielekee sawa na ya mbele yake.