“Nimeipunguza Ili Iingie Kwenye A3”

Kazi yangu ni kukagua michoro kabla haijafika kwa mafundi. Wiki hii nimefungua tena faili la nyumba ambayo ukuta wake wa mbele, wa mita 8, umechorwa kwa urefu wa milimita 80. Mchoraji alinieleza kwa nia njema kabisa: “Nimeipunguza mara mia ili iingie kwenye karatasi ya A3.” Maneno hayo nimeyasikia kwa wanafunzi, kwa wateja, na kwa watu waliokaa kwenye kazi hii miaka mingi. Yananichosha, kwa kuwa hasara yake hujitokeza kazi ikiwa imeshafika mbali.

Dhana hii imetoka kwenye ubao wa kuchorea. Pale karatasi ndiyo iliyokuwa mpaka: mita 8 haziingii, basi unazipunguza kwa rula ya skeli, yaani ya uwiano kati ya mchoro na kitu halisi, mstari baada ya mstari. Kwenye kompyuta, mahali unapochorea hapana karatasi. Ni uwanja usio na ukingo, na kila kitu huchorwa kwa ukubwa wake halisi, 1:1. Karatasi iko upande mwingine, kwenye ukurasa wa kuchapia, na juu yake unafungua dirisha la kuitazama modeli, yaani kile ulichokichora kwa ukubwa halisi. Skeli ni ya dirisha. Nyumba haina skeli. AutoCAD, programu ya kuchorea, ilipata upande huo wa karatasi katika toleo la 11, mwaka 1990, kwa hiyo hili si jambo jipya ambalo bado tunalizoea.

Tazama yanayofuata ukiipunguza modeli. Vipimo vinasoma 80 badala ya 8000, kwa hiyo unaviwekea kizidisho cha 100, au vibaya zaidi, unafuta namba na kuandika 8000 kwa mkono. Kesho mteja anataka ukuta uongezwe nusu mita. Mstari unasogea, namba uliyoiandika inabaki palepale. Ukiomba programu ikukokotolee eneo la chumba, jibu limepungua mara 10,000, maana urefu na upana vyote viwili vimepunguzwa mara 100. Kisha unahitaji mchoro wa kina wa dirisha la nyumba kwa 1:10, unanakili kipande na kukikuza. Sasa una michoro miwili ya dirisha lilelile katika faili moja, na utakaporekebisha mmoja utasahau wa pili. Mhandisi wa miundo naye akiliunganisha faili lako na lake, nyumba yako inakuwa doa dogo pembeni mwa nguzo zake.

Njia sahihi haina ugumu wowote. Kabla ya kufungua dirisha kwenye karatasi, piga hesabu. Nyumba ya mita 24 kwa 16, ikiwekwa kwa 1:50, inataka milimita 480 kwa 320. A3 ina 420 kwa 297, haitoshi. Kwa 1:100 inataka 240 kwa 160, inaingia na nafasi ya vipimo inabaki. Kama unataka 1:50 kweli, badilisha karatasi, nenda A1. Usibuni 1:73 kwa sababu tu imejaza ukurasa vizuri: kiwango cha kimataifa cha ISO 5455 kimetaja skeli za kupunguza, 1:2, 1:5, 1:10 na zinazofuata kwa mara kumi kumi, na rula ya fundi imetengenezwa kwa hizo.

Halafu lifunge dirisha hilo la karatasi kwa kufuli, skeli yake isibadilike. Nitalisema hili hadi sauti inikauke. Ukiwa ndani ya dirisha lisilo na kufuli, ukizungusha gurudumu la kipanya kidogo tu, 1:100 imekuwa 1:94, na kisanduku cha maelezo bado kinasema 1:100. Kuweka kufuli ni mbofyo mmoja.

Wengine huniambia kwamba PDF ikiandikwa 1:100 basi ni 1:100. Ni hivyo mpaka mtu aichape kwa chaguo la “tosheleza ukurasa”. A3 iliyochapwa kwenye A4 hubaki na takribani asilimia 71 ya urefu wake, na 1:100 inakuwa karibu 1:141. Weka mstari wa skeli kwenye kila karatasi, uwe unapungua pamoja na mchoro.

Dai jingine ninalosikia ni la kupanga mionekano, yaani kitu kilekile kikichorwa kutoka pande mbalimbali: “Mwonekano wa juu hukaa juu.” Inategemea. Katika mfumo wa pembe ya tatu, unaotumika Marekani, hukaa juu. Katika pembe ya kwanza, uliozoeleka Ulaya, hukaa chini ya mwonekano wa mbele, na mwonekano wa kushoto huwekwa kulia. Programu inafuata kiolezo ulichoanza nacho, kwa hiyo hakikisha mfumo kabla ya kuweka mwonekano wa kwanza, na alama ya koni iliyokatwa, inayomwambia msomaji ni mfumo upi, isikosekane. Bila alama hiyo, tundu linaweza kutobolewa upande usio wake huku kila mmoja akiamini amesoma sawasawa.

Mionekano mingi haiufanyi mchoro kuwa kamili. Shafti (mhimili wa mviringo wa mashine) ya kawaida inatosheka na mwonekano mmoja na alama ya kipenyo. Anza na upande unaoonyesha umbo zaidi na wenye mistari fiche (ya kingo zisizoonekana) michache, kisha ongeza pale tu panapobaki swali. Kwenye mkato, yaani mchoro wa kitu kikiwa kimekatwa kuonyesha ndani, usikubali mistari yote ya mshazari ambayo programu huiweka kwenye sehemu iliyokatwa: shafti, bolti na mbavu (kuta nyembamba za kuimarisha) zikikatwa kwa urefu wake haziwekewi.

Na mwonekano wa isometriki, ule wa mshazari unaoonyesha pande tatu kwa pamoja, usipimwe kwa rula. Katika makadirio halisi, ukingo wa milimita 100 ulio kwenye mhimili huonekana kama 82 hivi.

Kama faili lako limeshapunguzwa, linaokoleka. Likuze mara 100 ukianzia kwenye 0,0 (nukta ya mwanzo ya mchoro), rudisha kizidisho cha vipimo kuwa 1, na ufute kila namba iliyoandikwa kwa mkono ili programu isome yenyewe. Kisha pima mlango mmoja unaoujua. Ukisoma 9 mahali pa 900, bado hujamaliza.