Kupita majaribio si kuhimili mzigo

Wengi huamini kwamba programu huria ya wingu, yaani ya kuendesha kompyuta nyingi zinazotumiwa kupitia mtandao, ikishafaulu majaribio ya kawaida, itahimili watumiaji wote. Sivyo. Chukua OpenStack, mradi wa programu ya aina hiyo ulioanzishwa mwaka 2010 na NASA pamoja na kampuni ya Rackspace. Chombo chake cha majaribio, Tempest, huuliza: je, mashine pepe (kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi) inawashwa na kufutwa ipasavyo? Rally, chombo kingine cha mradi huo kilichokuja baadaye, huuliza jingine: maombi mengi yakija kwa mpigo, kila moja litachukua muda gani, na mangapi yatashindwa? Hapo ndipo foleni ya ujumbe, ambayo sehemu za mfumo huwasiliana kupitia kwayo, inapoweza kujaa na hifadhidata kusuasua, ingawa ombi likija peke yake hupita vizuri. Kwa maoni yangu, kipimo hiki cha mzigo kikae ndani ya mradi wenyewe, badiliko la msimbo lipimwe kabla halijapokelewa. Wateja wasiachiwe kuugundua udhaifu huo.